Nyati Aliyeaga kwa Vipele

Zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika uji na kutandika vitanda kama sisi, alikuwapo Nyati, mgane aliyeachiwa ndama wawili wachanga. Mali yake ilikuwa kisima alichokichimba kwa pembe zake mwenyewe. Mwaka ule nchi ilikauka, na kisima kile ndicho kilichowaweka hai watoto wake.

Asubuhi moja Nyati aliamka mguu ukimwasha. Alikuwa amelala, mguu umetokeza kitandani mpaka kwenye nyasi kuukuu za zizini. Akainama kutazama, akaona kifundo kimezungukwa na vipele vyekundu. Akajikuna, kwaru kwaru kwaru, mpaka ngozi ikachubuka na mguu ukavimba. Kadiri alivyojikuna ndivyo ulivyozidi kumwasha.

Hapo akapita jirani yake Nguchiro, yule mdogo mwenye macho yasiyotulia. Nguchiro hupigana na nyoka, kwa hiyo mwitu mzima ulimwamini kwa habari za sumu. Na kile kisima, alikuwa akikimezea mate tangu mvua zilipokata. Alikitazama kifundo akajua mara moja ni wadudu. Kisha akavua kofia taratibu, kama mtu aliyefika matangani.

Nyati kuona kofia imevuliwa, akaacha kujikuna.

"Niambie tu, jirani."

"Ndugu yangu, nikufiche nini? Umeumwa na nyoka. Jua likizama, sijui kama utakuwa nasi."

Huyo ndiye Nyati, ambaye hata simba humpisha njia. Alikaa chini akalia. Hakujililia nafsi yake. Aliwalilia ndama, ambao hata kufukuza nzi kwa mkia walikuwa hawajajua. Akauliza kama kuna dawa. Nguchiro akatikisa kichwa, akasema wakati wa dawa umeshapita. Ila yatima huhitaji mlinzi, akaongeza kwa upole, na mlinzi hawezi kugusa kisima cha watu bila neno la mwenyewe.

Sasa mwitu ule ulikuwa na desturi yake: anayekufa akiwaita majirani kuwaaga na kutoa wasia, neno lake halirudi tena. Wakaja swala, pundamilia na ngiri, wakamzunguka. Nyati akatamka kwa sauti ya kukatika kwamba kisima ni cha Nguchiro, naye awanyweshe yatima. Kisha akawalamba wanawe usoni, akalala kungoja kifo.

Jua likazama. Nyati hakufa. Aliwashwa tu.

Kulipokucha akarudi kutoka safarini Yangeyange, ndege mweupe aliyezoea kumtoa Nyati wadudu. Alimkuta amefumba macho, ndama wanalia ubavuni. Akasimuliwa habari ya nyoka, akakichungulia kifundo kwa makini.

"Nani kakudanganya ni nyoka?" aliuliza. "Alama za meno ziko wapi? Hawa ni viroboto, baba. Wanaruka kutoka kwenye nyasi, hawafiki mbali, ndiyo maana wameuma kifundoni."

Akachukua maji yaliyobaki mtungini, akamwosha kwa sabuni, akamfunga kitambaa chenye ubaridi. Akamwambia auweke mguu juu ya gogo na aache kujikuna, maana kwato zake ndizo zilizochubua ngozi na kuingiza uchafu. Na zile nyasi azitupe zote. Haukupita muda mrefu, uvimbe ukashuka na muwasho ukatulia.

Nyati akainuka, akakimbilia kisimani na watoto nyuma yake. Alikuta pamezungushiwa miiba, na Nguchiro amekaa mlangoni.

"Mimi mzima, jirani. Nirudishie kisima changu."

"Nimefurahi kukuona mzima," alisema Nguchiro. "Lakini uliaga, na wote walisikia."

Nyati akawageukia majirani waliokuwa wamekusanyika hapo. Swala akatazama chini, pundamilia akatazama pembeni, na ngiri akasema polepole kuwa desturi ni desturi. Moyo wa Nyati ukavunjika kabisa. Akapiga magoti, dume zima, mbele ya mnyama asiyefika gotini pake.

"Basi wanyweshe watoto, kama ulivyoachiwa."

"Niliachiwa yatima," alijibu Nguchiro. "Hawa baba yao si wewe hapo?"

Nyati akainuka. Akawachukua wanawe, wakashika njia ya vumbi kutafuta maji, na kifundo hakikumwasha tena hata kidogo.

Nanyi wanangu, kijueni kwanza kilichowauma, ndipo muage.