Kipaka cha Mwanamize

Sogeeni, nianze. Mmesogea? Basi sikieni.

Palikuwa na mama mmoja, Mwanamize, mwenye watoto wawili. Zimwi likamla mkubwa, Fumo, akabaki Kibibi. Mama akaenda kwa mganga kulia shida yake, naye akampa kitoto cha paka.

"Kiweke ndani, ukipe maziwa, usikishike kwa nguvu. Siku tatu usifungue mlango. Kikija chenyewe kulala mapajani mwako, kimeizoea nyumba, na zimwi halitavuka kizingiti."

Kipaka kikajificha mvunguni, kikitetemeka.

Siku ya kwanza zimwi likabisha kwa sauti ya jirani: "Mwanamize, niazime ungo." Hakufungua. Kipaka kikatoa pua.

Siku ya pili likabisha kwa sauti ya dada yake: "Mwanamize, nimekuletea ndizi." Hakufungua. Kipaka kikatoka, kikanywa maziwa.

Siku ya tatu, adhuhuri, kipaka kilikuwa kinamsogelea miguuni pale mlango ulipogongwa.

"Mama, ni mimi Fumo. Nina kiu."

Kibibi akaivuta kanga ya mama yake. "Mama, kaka aliliwa!"

"Najua, mwanangu," mama akasema huku analia. Akafungua.

Kipaka kikashtuka, kikakimbilia nje. Zimwi likamnyakua Kibibi, likaenda zake.

Jioni kipaka kikarudi chenyewe, kikapanda mapajani mwa Mwanamize, kikalala. Tangu hapo zimwi halikuvuka tena kizingiti kile. Wala halikuwa na haja. Mle ndani hapakuwa tena na mtoto.

Nimefika mwisho. Anayetaka kulia na alie.