Samaki Arobaini Waliofichwa

Wahenga waliosema dawa ya moto ni moto hawakuwaambia watu wachome nyumba zao. Walimaanisha kwamba yapo mabaya yasiyoshindwa ila kwa silaha iliyotoka ndani yake yenyewe. Mzee Isidore wa mtaa wa Shari, mjini Bunia, aliijua methali hiyo tangu utotoni na aliwatolea jirani zake kila walipogombana. Kwake mwenyewe ilichelewa kufika.

Isidore alikuwa mtu wa majivuno, na tusimlaumu, kwani alikuwa na cha kujivunia. Alipohamia kutoka Butembo pamoja na mdogo wake Eugène, alichimba mabwawa matatu bondeni kwa jembe na koleo. Mgeni wake alionyeshwa mabwawa kabla ya kuonyeshwa kiti. Tilapia wa bonde lile waliwasomesha watoto sita, na wa mwisho, binti aitwaye Musoki, akawa daktari wa mifugo.

Kisha ukaja ugonjwa. Miaka miwili mfululizo, jua la Februari lilipokaza, samaki walizunguka ovyo kama walevi, macho yamewatoka, mwisho wakaelea tumbo juu. Eugène, mfyatuzi wa matofali, alikuwa akiumezea mate udongo wa bonde. Kwa hasira Isidore akaapa mbele ya ukoo kwamba samaki wakifa mara ya tatu, bonde ni la Eugène.

Mara ile ya pili Musoki alikuwa amechukua samaki waliokuwa wakikata roho, akawapeleka katika maabara alikofanya kazi. Desemba akarudi na chupa zenye kitu cheupe kama maziwa.

"Hii iko nini?" baba akauliza.

"Ni ule ugonjwa yenyewe, Papa. Tulitoa mikrobe mu samaki yetu, tukaiua, tukaichanganya na mafuta. Tutapiga kila samaki sindano."

Mzee aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Aka! Ugonjwa yenye ilinimaliza, unanirudishia mu chupa? Weye mutoto gani?"

"Ilishakufa, Papa, haiwezi kugonjesha. Lakini mwili ya samaki itaijua sura. Ile ya kweli ikikuja, itakuta inangojewa."

"Na mafuta? Tunakaanga?"

Musoki akacheka. "Mafuta inaishikilia mu tumbo, inaiachilia pole pole. Bila mafuta, mwili inasahau mbio."

Mzee alikubali kwa mdomo, moyo ukakataa. Siku moja kabla ya sindano, Musoki akiwa kazini, alivua samaki wake wazazi, arobaini, mbegu ya bonde zima. Aliwapenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake. Akawatia katika kidimbwi nyuma ya jiko, kilichopata maji kwa mfereji uleule wa mabwawa, akafunika kwa majani ya migomba. Musoki alipouliza wazazi wako wapi, akajibu amewauza.

Kwa siku mbili Musoki na mama yake, Immaculée, waliwachoma sindano samaki mmoja mmoja, baada ya kuwalewesha kwa dawa ya usingizi ndani ya beseni. Kwa siku tatu samaki hawakugusa chakula. Eugène akaja na kamba, akapima bonde akipiga mluzi, na Isidore akajipongeza kimoyomoyo kwa ujanja wake. Siku ya nne samaki wakala.

Februari jua likarudi na ukali wake. Asubuhi moja Isidore alifunua majani ya migomba, akaona wazazi wake wanazunguka ovyo, macho yamewatoka. Alikimbia bondeni huku akilia waziwazi, akatupa konzi ya chakula kwenye bwawa la kwanza. Maji yakachemka kwa midomo. Bwawa la pili vilevile, na la tatu. Katika mabwawa yote aliokota mizoga mitano tu.

Kufikia Jumapili kidimbwini walibaki sita, nao hoi. Jumatatu Isidore aliwatia ndani ya beseni lenye barafu, akapanda pikipiki akiwa amelikumbatia hadi maabara ya Musoki, mtaa wa Nyakasanza. Wenzake Musoki wote walikuwepo.

"Niliwaficha," akasema, kofia mkononi. "Nilikudanganya kama niliwauza. Nilizani ninawaokoa, kumbe ni miye niliwaua."

Musoki aliwatazama samaki, akamtazama baba yake. Mtu aliyejisifu maisha yake yote alikuwa amevuka mji mzima kuja kukiri kosa mbele ya wageni.

"Shika, mutoto wangu," mzee akasema. "Toa ugonjwa mu hawa, utengeneze dawa ya mwaka kesho. Wasikufe bure."

"Huyu muzee ni nani?" mwenzake mmoja akanong'ona.

"Ni papa yangu," Musoki akajibu kwa sauti, kifua mbele, na kulipokea beseni kwa mikono miwili.

Eugène alikwenda kutafuta udongo kwingine, na siku ya kuvua alikuwa wa kwanza kuja na ndoo. Siku hizi mgeni wa Isidore haonyeshwi mabwawa kwanza. Huonyeshwa chupa tupu iliyowekwa juu ya kabati, karibu na picha ya Musoki akiwa na joho la chuo, na mzee husema, "Yenye iliniua ndiyo iliniponyesha, na ni huyu mutoto wangu aliitengeneza." Kwa kweli, dawa ya moto ni moto.