Mtoto wa Swala na Asali ya Fisi

Jamani, nabisha hodi na hadithi!

Karibu, iingie kwa miguu yake!

Hapo zamani za kale, kabla swala hawajajua kuruka, Mama Swala alikuwa na mwana mmoja, Kibonge. Alimlaza nyasini mchana kutwa asichomwe na mwiba, naye akajilaza kando. Mtoto akikataa majani, haambiwi kitu.

Siku moja Fisi akapita na sega la asali. Akampa mtoto, akamsifu, akampapasa paja, akaenda zake. Akaja tena. Akampa, akamsifu, akampapasa, akaenda. Mama kichwa kikamvimba: nani mwingine ana mtoto mnono hivi?

Mara ya tatu jirani yake, Kanga, akamnyemelea Fisi nyuma, akamsikia akijisemea njiani. Akarudi mbio.

"Shoga, mwanao anapapaswa kama mbuzi wa Idi. Mwezi ukiandama, Fisi anakuja kumla."

Mama Swala akainua kichwa tu, palepale alipolala. Akamwamuru mwanawe akimbie. Kibonge akapiga hatua tatu, akakaa.

"Mbona wewe umelala, mama?"

Swali hilo likamwinua mama. Asubuhi wakakimbizana hadi kichuguuni. Kesho yake hadi kijitoni. Kisha hadi ukingo wa korongo. Asali wakawaachia siafu. Mama akitafuna majani, mtoto naye anatafuna. Mama akiokota zambarau, mtoto anamwibia mdomoni.

Mwezi ukaandama. Fisi huyo, meno nje. Mama na mwana wakatimka, na mbele yao korongo. Mimi mwenyewe nimelipima korongo lile kwa kamba ya kisima: kamba iliisha, korongo bado.

Mama akaruka. Kibonge akaruka.

Ndege walinyamaza. Upepo ulisimama kutazama. Mtoto alikaa hewani mpaka kivuli chake kikatangulia ng'ambo, kikamngoja. Kisha kwato zikagusa ardhi kama unyoya. Fisi akabaki ukingoni mdomo wazi, njaa ameisahau.

"Mama," akasema Kibonge, "turuke tena."

Ndiyo maana mpaka leo swala huruka hata pasipo adui.

Basi, wazazi, mtoto hali mboga kwa kuamriwa wala hachezi kwa kutumwa. Kula naye, cheza naye, atakufuata. Na anayekusifia unono wa mwanao, mtazame meno kwanza.

Hadithi yangu imeruka ng'ambo. Anayebisha alete kamba yake, tukapime.