Kwa Nini Bibi Humwita Mjukuu Wake Mke Mwenza

Mnawasikia mabibi wakiwaita wajukuu wao wa kike "mke mwenzangu", wakirushiana maneno na kucheka. Msidhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani hizo mkubwa akikukosoa unanyamaza, awe mama, awe bibi.

Semeni alikuwa amenyamaza hivyo tangu utotoni. Alikuwa mfinyanzi, na kila chungu alichofinyanga, mama yake, Bi Nyange, alikigonga kwa kidole akakitia kasoro. Mara mdomo mnene, mara tumbo limelegea. Semeni alisema "ndiyo, mama" na kuanza upya. Alichokuwa akingoja ni kijiwe cheusi cha kulainishia vyungu, ambacho Bi Nyange alikirithi kwa mama yake. Atakayepewa hicho ndiye aliyekubalika.

Siku moja Bi Nyange alikigonga chungu cha Mashavu, binti wa Semeni. "Shingo gani hii? Imepinda."

"Nimeiga yako, bibi," Mashavu akajibu.

Wafinyanzi wenzao wote wakaacha kazi. Semeni alishainua mkono amzabe kofi, lakini Bi Nyange alicheka hadi akakohoa. "Mwache. Huyu ni mke mwenzangu, tutajibizana wenyewe." Akampa kile kijiwe.

Loo, wivu ulimkaba Semeni. Yeye kameza maneno miaka nenda miaka rudi, na kijiwe kapewa mwenye mdomo. Kumbe njia ndiyo hiyo, akajisemea. Kesho yake mama yake alipokitia kasoro chungu chake, akajibu mbele ya watu, "Na wewe, mama, mikono inatetemeka. Vyungu vyako siku hizi vinavuja."

Akangoja kicheko. Bi Nyange alinawa udongo mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mashavu kakujibu, ukacheka," Semeni akasema.

"Mashavu anacheza. Wewe unanijua, mwanangu. Neno lako nimeliamini."

Bi Nyange hakufinyanga tena.

Na tangu siku hiyo bibi na mjukuu hutaniana watakavyo, na mama mtu hupita katikati yao na mtungi wake akijifanya hasikii. Semeni alipita hivyo miaka mingi, roho ikimuuma. Mashavu alipojifungua mtoto wa kike, Semeni aliwahi kumpokea kabla ya wengine wote. Akamtazama yule mtoto, hata macho hajafungua vizuri, akamwambia, "Haya, mke mwenzangu. Nitukane."