Kata ya Kwanza ya Maji

Waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awape raha ya milele, walituachia kisa hiki cha nchi ya Ugogo, cha zamani zile Injili ilipokuwa bado ngeni na Wakristo wa kijiji kizima waliweza kuketi kwenye mkeka mmoja. Kijijini humo aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Damari. Mumewe aliitwa Naftali, na Mungu alikuwa amewajalia binti mmoja, Eunike, aliyekuwa bado ananyonya.

Mwaka huo mvua ilikataa. Uwele ulikauka ukiwa haujafika magotini, na maghala yakabaki na vumbi. Naftali akaenda kuhemea chakula nchi za mbali, kama walivyofanya wanaume wengi, akamwacha Damari na mtoto katika nyumba ya tembe ya mama mkwe wake, Bibi Talaa. Bibi Talaa alikuwa na ulimi mkali na moyo mwema, ingawa watu wengi waliufahamu ulimi tu.

Maji ya kijiji yalitoka kwenye korongo. Mto ulipokauka, kila nyumba ilichimba shimo lake mchangani na kulizungushia uzio wa miiba. Maji yalijikusanya polepole usiku kucha, na asubuhi yalikuwa yametulia, meupe, yanaonyesha hadi chini. Ukishateka kata ya kwanza, yale yanayofuata huja na tope. Kwa hiyo kata ya kwanza, kile kibuyu kidogo cha kutekea chenye mpini, ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko zote. Na desturi ilikuwa hivi: shimo jipya likitoa maji, kata ya kwanza hupewa mzee wa jirani aimwage mchangani, sehemu ya mababu.

Damari alipokuwa akijiandaa kubatizwa, alimwuliza mwalimu wake wa dini, Hezroni, juu ya jambo hilo.

"Mwalimu, umetufundisha kwamba malimbuko ni ya Mungu. Sasa maji nitampaje? Yeye hana kiu."

"Mpe mwenye kiu," alijibu Hezroni. "Mungu atakuwa amepokea."

"Mwenye kiu yeyote?"

"Mimi sikukuambia umchague."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Damari alishuka shimoni kwake, akaimba wimbo mfupi wa kumshukuru Mungu kwa kumwamsha, akateka kata ya kwanza na kumpa yeyote aliyemkuta karibu. Siku nyingine alikuwa bibi kizee, siku nyingine mchunga mbuzi aliyekuwa akipita. Ndipo alipoteka ya nyumbani kwake. Watu walimcheka.

"Msikilizeni mke wa Naftali," walisema, "anaimba kama mtu aliyeshiba!"

Shimo lililopakana na lake lilikuwa la mzee Masinga na mkewe Mbeleje. Masinga alikuwa mtu wa heshima, na katika uchungu wa njaa ile alishikilia neno moja, kwamba mvua imekasirika kwa sababu Wakristo walikataa kuchangia kondoo mweusi wa tambiko. Adhuhuri moja aliuondoa uzio wa Damari na kuwaingiza ng'ombe wake shimoni. Walikunywa, wakakanyaga, wakachafua, na kingo za mchanga zikaporomoka. Damari alipofika na mtungi wake alikuta dimbwi la kinyesi na matope.

Tusidhani watu wema hawaumii. Damari aliketi chini akalia hadi mtoto mgongoni naye akaanza kulia. Bibi Talaa alitaka kwenda kwa Masinga na mchi mkononi.

"Niache, nikamponde kama uwele!"

"Mama, uwele wenyewe hatuna, tutaponda nini?" alisema Damari, akafuta machozi. "Tumshukuru Mungu kwanza."

"Kwa lipi? Hebu nionyeshe hata moja!"

"Mikono ninayo."

Akaenda juu kidogo kwenye kona ya korongo, mahali pabaya ambapo hakuna aliyepataka, akachimba shimo jingine. Maji yake yalikuwa machache, lakini aliendelea na wimbo wake na kata yake ya kwanza, wala hakulitaja jina la Masinga kwa ubaya.

Ukame ukazidi. Ng'ombe wakaanza kufa, na hao wa Masinga wakafa pia. Maziwa ya Damari yakapungua kifuani, na Eunike akawa hana nguvu za kulia, anatoa sauti ndogo tu kama ya kifaranga. Midomo yake ilikauka. Kila mwanamke kijijini alijua maana yake, na Damari alijua kuliko wote. Asipopata maji safi, mtoto yule hatamaliza wiki.

Asubuhi moja alfajiri, Damari na mkwewe walikwenda shimoni wakamkuta mtu ameketi nje ya uzio wa miiba. Alikuwa Mbeleje. Kibuyu chake alikuwa amekipindua mbele yake, mdomo chini, naye ameinamisha kichwa bila kusema neno.

Desturi ya korongo lile ilikuwa kwamba mtu aliyekukosea haruhusiwi kukuomba maji kwa mdomo. Huja akapindua kibuyu na kungoja. Ukipita bila kumtazama, umemnyima, na hakuna atakayekulaumu. Ukimtazama, umekubali.

"Pita," Bibi Talaa alinong'ona. "Usitazame."

"Mama, nimeshatazama."

Damari akashuka. Chini ya shimo palikuwa na maji ya kata moja tu, safi kama machozi, na kandokando tope. Alisimama akiyaangalia. Eunike alijinyonganyonga mgongoni. Damari akajaribu kuimba. Wimbo ukatoka, kwanza mdogo, halafu akaufungulia kifua, kwa maana hakuwa na kitu kingine cha kumpa Mungu asubuhi ile ila sauti na kata moja ya maji. Akateka, akapanda juu kwa uangalifu asimwage hata tone.

Mbeleje alipoiona kata ile alipiga magoti, lakini hakuipokea.

"Nisikudanganye, mama Eunike. Si yangu mimi. Ni ya Masinga, yule yule. Amelala, ulimi umeshikana na kinywa. Shimo letu limefika kwenye udongo, halina hata unyevu. Ukitaka kuyarudisha, yarudishe. Utakuwa na haki."

Bibi Talaa alisonya. "Ng'ombe wake waliyanywa yote, sasa na yeye amefuata!"

Damari aliishika kata kwa mikono miwili.

"Sikuuliza ni ya nani," alisema mwishowe. "Chukua, dada. Nenda upesi, lakini usikimbie, utamwaga."

Mbeleje akaondoka. Bibi Talaa naye akampa Damari mgongo, akaondoka upande wa pili. Damari akashuka tena, akachota tope, akalichuja kwa kanga, akangoja, akachuja tena, akamlowanishia mtoto midomo kwa ncha ya kidole. Akanong'ona, "Asante, Bwana. Bado anapumua. Asante."

Jua lilipopanda alisikia hatua. Mbeleje alikuwa amerudi, amebeba jembe begani na kapu mkononi.

"Amekunywa?" Damari aliuliza.

"Amekunywa. Akauliza ni ya nani, nikamwambia. Akageukia ukutani." Mbeleje akatupa kapu chini. "Mimi nimekuja kuchimba."

"Dada, hapa chini ni udongo mweusi. Nimeshaufikia. Mto unaishia hapo."

Hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyoamini. Jembe likigonga udongo mweusi, watu husema mto umekufa, huacha. Ukweli ni kwamba mtu mmoja hawezi kuutoa udongo ule. Ni mzito, unanata, na anayechimba chini hana wa kumpokea juu. Na kwa kuwa kila nyumba ilichimba peke yake nyuma ya miiba yake, hakuna aliyewahi kujua chini ya udongo kuna nini.

"Si ninyi mnaosema Mungu wenu aliwahi kutoa maji kwenye jiwe?" alisema Mbeleje.

"Ndiyo, tunasema."

"Basi huu si hata jiwe. Ni udongo tu. Shuka, tusimchoshe."

Damari akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Naftali aondoke. Akamlaza Eunike kivulini, akashuka, akaanza kukata udongo kwa jembe. Mbeleje alivuta makapu juu kwa kamba ya ngozi. Kisha wakabadilishana. Shimo lilipowazidi urefu, kingo za mchanga zikaanza kudondoka, na walijua zikiporomoka zitamzika aliye chini.

Hapo ikasikika sauti juu yao. "Mtafia humo, wajinga wawili!" Alikuwa Bibi Talaa, na mgongoni alikuwa na mzigo mkubwa wa fito. "Tangu lini shimo refu likachimbwa bila kusukiwa ukuta? Sogeeni!" Akaketi ukingoni, akaanza kusuka fito kuzuia mchanga, huku akinung'unika. Lakini alipomaliza safu ya kwanza alimchukua Eunike kivulini, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe.

Damari akaanzisha wimbo wake ili wasichoke. Mbeleje hakuyajua maneno, akaitikia kwa mguno, kila kapu likipanda mguno mmoja. Bibi Talaa akagonganisha fito mbili kama makofi. Watu waliokuwa kwenye mashimo yao makavu wakainua vichwa. Nani anaimba mchana huu, na jua hili? Wakaja mmoja mmoja, wakasimama. Mwanamke mmoja akapokea kapu. Mwingine akaleta kamba.

Jembe likazama. Damari alilivuta, likafuatwa na mlio kama wa mtu anayevuta pumzi. Kisha baridi ikamshika vidole vya miguu, ikapanda kwenye visigino, ikafika kwenye vifundo. Akainama, akayagusa kwa mkono, kwa maana hakuyaamini yaliyokuwa yanaipata miguu yake.

"Damari!" aliita Mbeleje. "Una nini?"

"Leteni kata," alisema Damari. "Leteni mitungi. Leteni yote!"

Vigelegele vilipigwa hadi kunguru wakaruka kwenye miti. Wanawake walikumbatiana, wengine wakacheza palepale mchangani. Damari akateka kata ya kwanza, ikapanda juu mkono kwa mkono. Ndipo watu wakanyamaza na kupisha njia. Mzee Masinga alikuwa anakuja, anaegemea fimbo, amekonda kama fimbo yenyewe.

Kata ikawekwa mikononi mwake, kwa kuwa desturi ni desturi, na yeye ndiye mzee wa jirani. Damari alisimama ndani ya maji akitazama juu. Kata ile alikuwa amemwekea Mungu. Lakini hakutaka kumwaibisha mzee mbele ya watu. Alifumba macho, akamwachia Mungu mwenyewe kata yake.

Masinga aliyatazama maji muda mrefu.

"Leo asubuhi nilikuwa nakufa," alisema. "Nikanyweshwa kata ya kwanza na mtu ambaye shimo lake nililiharibu kwa ng'ombe wangu. Ninyi nyote mnajua, na hakuna aliyenikemea. Yeye naye hakunikemea. Ana mtoto." Akainua uso. "Yuko wapi huyo mtoto?"

Bibi Talaa akamgeuzia mgongo. Masinga aliangusha fimbo, akapiga magoti kwa shida, akaisogeza kata kwenye midomo midogo iliyokauka. Eunike alilamba. Akanyamaza, kama anayefikiri. Kisha akaking'ang'ania kibuyu kwa mikono yote miwili, akanywa, akakohoa, akanywa tena, na alipotosheka akazishika ndevu za mzee akazivuta kwa nguvu. Watu wakacheka huku wanalia.

"Mke wa Naftali," Masinga aliita kuelekea shimoni, ndevu zake zikiwa bado mkononi mwa mtoto, "ule wimbo wa asubuhi, upepo uliniletea kitandani. Uimbe tena. Ila safari hii taratibu, na sisi tuushike."

Damari akaimba kutoka chini ya shimo, maji yakiwa magotini, na korongo lote likaitikia.

Siku zilizofuata watu walichimba wawiliwawili, watatuwatatu, wakautoboa udongo mweusi katika mashimo mengine pia. Shimo la Damari halikuzungushiwa miiba tena. Naftali aliporudi na mzigo wa mtama begani, alisikia korongo linaimba kabla hajaona mtu, akasimama njiani akidhani amekosea kijiji. Na katika kijiji kile desturi ikawa kwamba kata ya kwanza ya asubuhi si ya mwenye shimo, ni ya mwenye kiu.

Ndugu zangu wapendwa, Damari hakungoja maji yabubujike ndipo ashukuru. Alishukuru kwa mikono, akashukuru kwa pumzi ya mtoto, akamtolea Mungu sifa akiwa na kata moja tu, tena akaitoa hiyo moja. Nasi tunaoamka asubuhi tukikuta mtungi haujajaa, tuanze na wimbo, halafu tuangalie ni nani ameketi nje ya uzio wetu. Sifa na shukrani ni zake Mungu wetu, leo na siku zote, na kila mwenye kiu aseme Amina.