Jina la Binti wa Nakundwa

Hapo zamani, ingawa hospitali zilikwishafika, aliishi milimani Upare mwanamke mcheshi aitwaye Nakundwa. Alipojifungua mtoto wa kwanza kwa upasuaji, alipewa vidonge vya maumivu. Akalala usingizi wa kutisha. Mtoto aliponyonya maziwa yake, naye akalegea, pumzi ikawa ya kutafuta. Waliokolewa wote wawili, lakini mimba ya pili ilipoingia, Nakundwa hakucheka tena.

Shangazi yake, Nambike, akamwambia, "Mwanangu, marehemu bibi yako alilala hivyo hivyo, kwa vidonge hivyo hivyo. Na mimi pia. Jambo hili ni la ukoo wetu. Nenda ukawaambie."

Akaenda kliniki, akasema. Wengine walipuuza. Muuguzi Elifuraha hakupuuza. Siku sita alipanda na kushuka milima, nyumba kwa nyumba, akikusanya mate ya wanaukoo kwenye vichupa, akampelekea mtafiti Senzia mjini.

Senzia akayachunguza miezi mitatu, akisoma jeni za ukoo zilizomo, kisha akaja mwenyewe.

"Dada, ini lina vimeng'enya vinavyoshughulikia dawa. Jeni zinazovitengeneza ni ukoo mmoja. Zamani za kale ilikuwa jeni moja. Ikanakiliwa, nakala zikabadilika, kila moja ikashika kazi yake. Moja ya hizo, wengi wetu tunayo mara mbili. Wewe unayo mara nne! Ndiyo maana dawa ile kwako hugeuka kali upesi mno."

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa?"

"Hata kidogo. Tutabadili dawa tu."

Dawa ikabadilishwa. Nakundwa akajifungua binti, tena kwa upasuaji. Binti akanyonya, akashiba, akalia hadi bonde la pili wakamsikia. Vigelegele! Nakundwa alicheka mpaka mshono ukamuuma.

"Aliyemwokoa huyu," akasema siku ya karamu ya jina, "ndiye atakayempa jina."

"Basi ni mimi," akasema shangazi. "Mimi nilikumbuka. Nisingekumbuka, nani angeuliza?"

"Ni mimi," akasema Elifuraha. "Mimi niliamini. Nisingeamini, maneno yako yangeishia jikoni, shangazi."

"Jamani, ni mimi," akasema Senzia. "Mimi nilipata sababu. Nisingeipata, mngebaki kuogopa kila kidonge."

Nakundwa akamtazama huyu, akamtazama yule, akashindwa. Pilau linapoa, wageni wanangoja, mtoto hana jina. Haya, nyinyi mnaosikiliza: nani alistahili kumpa?