Aliyefundishwa Asitazame

Wale wenzangu wa mabenchi ya nyuma mnaoandika ujumbe wa simu huku mmeinamisha vichwa kama watu wanaosali, nimewaona. Endeleeni tu. Mfano wa leo unahusu vidole, na huenda ninyi mkauelewa mapema kuliko wengine.

Kulikuwa na binti mmoja aliyejifunza kuchapa kwenye kompyuta katika chuo kidogo cha mjini, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Kuchapa ninakosema mimi si huku kwetu wazee, kidole kimoja kinaitafuta herufi A mpaka chai inapoa. Nasema kuchapa kwa vidole vyote, macho yakiwa kwenye karatasi unayoinakili, huangalii mikono wala huangalii skrini. Mwenye kuijua kazi hiyo huchapa kama bibi anayesuka mkeka huku anapiga soga.

Siri yake ni ndogo. Kwenye kibodi, mstari wa katikati, kuna vinundu viwili unavyoweza kuvisikia kwa ngozi, kimoja juu ya herufi F na kingine juu ya J. Mwalimu wa chuo kile aliviita nyumbani. Vidole viwili vya shahada vikikaa nyumbani, vingine vyote vinajua mahali pake. Ukianza herufi moja pembeni, kila utakachochapa ni takataka, na kadiri unavyojitahidi ndivyo takataka inavyoongezeka.

Binti wetu alikuwa mzito. Kila mara macho yalimponyoka yakaenda kwenye vidole, mwalimu akamgombeza mpaka akachoka kumgombeza, akamwacha. Pembeni yake alikaa mama mmoja mjane, na huyo aliishika kazi upesi. Mumewe alikuwa amefariki akamwachia watoto, wakawa wanaishi kwa shemeji, na shemeji alikuwa ameanza kuuliza, kwa upole tu, lini hasa watarudi kijijini. Yule mama alikuwa ameuza cherehani yake apate kusoma, kwa hiyo hakuwa na kazi ya kurudia.

Mjane akamwonea huruma binti. Siku moja akavua kitenge alichojitanda mabegani, akakitandaza juu ya mikono ya mwenzake, kibodi na mikono vikafunikwa pamoja.

"Usitazame, mdogo wangu," akamwambia. "Vidole vina akili. Wewe ndiye unayevivuruga."

Wakafanya hivyo kila siku. Wakaweka na ishara yao. Binti akianza pembeni, mjane humgusa mguu chini ya meza, basi, hapo hapo anajua kwamba hayuko nyumbani, anarudisha vidole, anaanza upya. Ni mara ngapi aliguswa mguu hata mwenyewe hakumbuki. Akajua kuchapa. Hakuwa mwepesi kama mwalimu wake wa kitenge, lakini alijua, ingawa ule ugonjwa wake wa kuchungulia haukupona kabisa.

Sasa ikatokea ofisi moja pale mjini inamtaka mpiga chapa, mmoja tu. Wote wawili wakaomba. Na msidhani binti hakuwa na shida. Alikuwa anaishi kwa dada yake aliyeolewa, na shemeji wa nyumba ile alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi kwa nguvu kila binti akiongeza ugali. Mnaijua pumzi hiyo. Ukishaisikia mara kadhaa, ugali unakataa kupita kooni.

Siku ya mtihani wakaketishwa bega kwa bega kama walivyozoea. Msimamizi akawaeleza kwamba umeme wa pale ni wa wasiwasi na mashine zina vituko, kwa hiyo mtu akipatwa na tatizo lolote anyooshe mkono, na asipoliona mwenyewe basi jirani yake amnyooshee, naye atamwanzishia muda upya. Akapiga kengele. Vyumba vyote vya namna hiyo vina mlio mmoja, ule wa mvua inayoanza juu ya bati.

Binti akachapa mistari kadhaa, kisha ugonjwa wake ukamshika. Akachungulia. Hakuangalia kwake, aliangalia kwa jirani.

Ndugu zangu, kwenye skrini ya yule mjane hapakuwa na neno hata moja. Karatasi waliyopewa kunakili ilikuwa barua, na neno lake la kwanza lilikuwa Ndugu. Kwa mjane lilisomeka Mfihi. Mistari yote ilikuwa hivyo. Woga ulikuwa umemfanya aanze haraka, vidole vikakaa herufi moja pembeni, na kwa kuwa alikuwa hodari hakuinua macho kwenda kuhakikisha. Alikuwa anachapa vizuri ajabu, mgongo umenyooka, na midomo ina tabasamu dogo la mtu anayeisikia kazi inavyokwenda.

Mguu wa binti ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote. Kumgusa mwenzake kulihitaji kuusogeza kiasi cha upana wa kiganja. Kunyoosha mkono ndiyo kabisa, kumeruhusiwa na mwenye mtihani.

Akafikiri, atagundua mwenyewe sasa hivi. Akafikiri, msimamizi anapita, ataona. Akafikiri kwamba akisimama kwa ajili ya mtu mwingine atapoteza muda wake mwenyewe. Mwisho akaifikiria ile pumzi ya shemeji mezani. Ninyi mnasema ni nini kati ya hayo kilichomzuia? Mimi nasema hakuzuiwa na lolote. Alikuwa huru kabisa, na hilo ndilo linalonitia huzuni kila ninapousimulia mfano huu.

Akarudisha macho kwenye karatasi. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na chuo, alichapa mpaka mwisho bila kuchungulia tena.

Kengele ilipolia, mjane akainua uso. Lile tabasamu lilibaki kidogo, maana uso ulikuwa bado haujapata habari. Kisha akaiweka mikono mapajani, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Msimamizi alipofika kwake alisikitika kwa dhati, akasema kwamba mkono mmoja tu ungenyooshwa mapema angemwanzishia upya, lakini sasa muda umekwisha na hana la kufanya. Kazi akapewa binti.

Siku moja kabla binti hajaanza kazi, mjane alikwenda kumuaga. Anarudi kijijini kwao na watoto. Shule ya mkubwa ndiyo basi. Mkononi alikuwa amebeba kile kitenge, amekifua na kukipiga pasi, akampa.

"Ofisini kwao kuna baridi," akasema. "Utajifunika."

Binti akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mjane akageuka mlangoni, akauliza taratibu kama mtu anayeulizia njia:

"Mdogo wangu, siku ile tulikaa karibu kabisa. Hukuona?"

Hapo, ndugu zangu, mlango ulikuwa ungali wazi. Kazi isingerudi, ni kweli, na cherehani isingerudi. Lakini neno moja la kweli lingempa yule mama kitu cha kuondoka nacho mbali na aibu yake. Angejua kwamba hakuwa mjinga peke yake chumba kizima. Angeweza hata kukasirika, na mtu aliyedhulumiwa ana haki ya hasira yake.

Binti akajibu, "Dada, si wewe uliyenifundisha nisitazame?"



"Ni kweli," mjane akasema. "Nilikufundisha."

Akaondoka. Mkiniuliza kama alijua, mimi naona alijua, kwa sababu hakuuliza mara ya pili.

Ningeishia hapa mngetoka nje mmemchukia yule binti, mkaenda kula chakula cha mchana kwa amani. Siwapi nafasi hiyo. Maana angalieni lile jibu lake alikolitoa. Hakulitoa kwa shetani. Alilitoa kwenye fundisho zuri, la kweli, alilopewa kwa upendo na mtu yule yule ambaye yeye binti alikuwa anamwumiza. Akalichukua lile fundisho kama alivyokichukua kile kitenge, akajifunika nalo.

Na sisi? Sisi tumefundishwa tusisengenye, ni vizuri. Tumefundishwa tusiingilie nyumba za watu, ni vizuri pia. Basi kuna mwenzetu hapa usharikani alianza kidogo kidogo kupotea, akaacha kwaya, akaacha jumuiya ya nyumba kwa nyumba, watoto wake wakaanza kuja peke yao na viatu vya mtu mwingine. Tuliona. Kuna harusi tuliyoicheza mpaka jasho likatutoka huku tukijua wazi yule bwana harusi ni mtu wa namna gani, na binti wa watu hajui. Tuliona. Kuna mzee anasimama kila ibada kutoa ushuhuda kwa nguvu zote, na tunajua kwamba nyumbani kwake hakuna anayezungumza naye, na yeye anadhani mambo yanakwenda. Anachapa, wapendwa. Anachapa kwa bidii, mgongo umenyooka, na hakuna aliyemgusa mguu. Wakishaanguka tunakwenda kuwapa pole, tunafika mapema kabisa na sukari na mchele, tunasema, jamani, hatukujua. Tunasema sisi si watu wa kuchunguza maisha ya wengine. Tumefundishwa tusitazame.

Yule binti yupo kazini mpaka leo. Anachapa vizuri, mabosi wanamsifu, na ugali anakula kwenye meza yake mwenyewe bila kusikia pumzi ya mtu. Lakini kila asubuhi ni lazima avitafute vile vinundu viwili kabla hajaanza. Kila asubuhi vidole vinafika nyumbani, na akifika hapo, mguu wake chini ya meza unasogea wenyewe, kiasi cha upana wa kiganja, unakuta sakafu. Mjane hakurudi mjini. Najua mlikuwa mnangoja sehemu anayorudi na kumsamehe, lakini katika mfano huu haipo.

Ipo kwenu, pengine, kwa mtu ambaye bado anachapa. Yupo kwenye benchi lako, au nyuma yako, au kwenye chumba cha pili nyumbani kwako. Muda wake haujaisha. Wiki hii ukitoka hapa utamwona, na utakuwa umekaa karibu kabisa. Na siku moja ataulizwa mtu kama aliona. Tafadhali, usije ukanitaja mimi kwamba ndiye niliyekufundisha.